Somo la Hesabu: Kuondoa Rangi Kuukuu katika Mashua

Shikeni kalamu na madaftari. Mwalimu wa darasa naye asimame karibu na ubao.

Leo tutafanya hesabu ya kazi ijulikanayo sana na watu wa pwani: kuondoa rangi kuukuu katika mashua ya mbao kabla ya kupaka mpya. Njia ni tatu: kukwangua kwa chuma na msasa, kuunguza kwa taa ya moto, na kupaka dawa ya kulainisha rangi. Ipi ina gharama ndogo? Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Kibarua tumlipe Sh. 20,000 kwa siku.

Kwanza, kukwangua. Chuma na msasa, Sh. 15,000. Kibarua siku 6, Sh. 120,000. Jumla, Sh. 135,000.

Pili, moto. Kukodi taa na kununua mafuta, Sh. 30,000. Kibarua siku 2, Sh. 40,000. Jumla, Sh. 70,000. Mtasema, "Moto umeshinda!" Ngojeni kwanza. Katika maungio ya mbao mna kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta. Mwali ukikawia hapo, pamba huungua na mashua huvuja. Fundi wa kalafati siku 2 kwa Sh. 30,000 kila siku, pamoja na pamba na mafuta ya Sh. 25,000, ni Sh. 85,000. Jumla sasa ni Sh. 155,000.

Tatu, dawa. Makopo 3 ya Sh. 30,000, ni Sh. 90,000. Kibarua siku 3, Sh. 60,000. Jumla, Sh. 150,000.

Sasa tuzitazame siku. Mashua iliyopandishwa juu kwa maji ya bamvua hungoja bamvua jingine, kiasi cha siku 14 au 15. Umalize kwa siku 2 au 6, haielei kabla ya hapo. Basi kukwangua kunatosha. Lakini kama mashua yaweza kuelea kila siku, basi kila siku ikaayo ufukoni ni samaki waliopotea.

Tena iko gharama isiyoandikwa dukani. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, nayo ni sumu. Moto huyatoa kwa moshi, na msasa mkavu huyatoa kwa vumbi. Watoto huumia zaidi, maana risasi hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo lowesha rangi ndipo ukwangue, vaa kinga ya vumbi, tandika turubai, kusanya magamba yote, na weka watoto mbali. Dawa nayo huchoma ngozi: vaa glavu, fanya kazi penye upepo.

Maswali ya darasa

1. Tuseme kila siku ya kutovua ni hasara ya Sh. 25,000. Ongezeni hasara hiyo katika kila njia. Kwenye moto msisahau siku za kalafati. Ipi ina gharama ndogo sasa?

2. Ulizeni bei za kwenu, mfanye hesabu upya.

Jibu la swali la 1: kukwangua Sh. 285,000, moto Sh. 255,000, dawa Sh. 225,000. Mshindi amebadilika.