Yule "mende wa baharini" ni nani?



Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja alituonyesha picha. Kaka yake huzamia kwa mtungi wa hewa kwenye visiwa vya Stockholm. Chini, penye giza na baridi, alikuta mnyama bapa wa kijivu, mwenye miguu mingi na mkia uliochongoka. Darasa zima likapiga kelele: "Mende wa baharini!" Je, ni mende kweli? Tumchunguze.

Kwanza, fikiria maji. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi. Hapa Stockholm ni gramu 5 au 6 tu. Kwa hiyo ukidhani umeona pweza au kiti cha pweza hapa, tazama tena. Chumvi hii haiwatoshi. Hata kome wa hapa ni wadogo, ni nadra kuzidi sentimita 4.

Mnaikumbuka meli ya Vasa? Ilizama mwaka 1628, ikaopolewa mwaka 1961 mbao zake zikiwa bado imara. Sababu moja ni kwamba yule kiumbe kama mnyoo anayetoboa mbao za vyombo hawezi kuishi humu. Kwetu pwani, mafundi wa majahazi walijikinga naye kwa kupaka chombo shahamu na chokaa.

Pili, hesabu miguu. Mende ana miguu 6, kama wadudu wote. Wa kwenye picha ana 14. Basi si mdudu; ni jamaa wa kamba na kaa. Waswidi humwita *skorv*. Hupenda baridi, na amekuwapo humu tangu mwisho wa Enzi ya Barafu. Anaweza kufikia sentimita 8.

Tatu, tafuta alama. Yavuyavu mweupe mwenye pete nne katikati, *öronmanet*, hana madhara makubwa kwa watu. Yule mwekundu au wa manjano mwenye nyuzi ndefu, *brännmanet*, huwasha vikali. Huyo huonekana zaidi pwani ya magharibi.

Samaki mwenye doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la kwanza la mgongoni huenda akawa *svartmunnad smörbult*. Huyo ni mgeni: alionekana Uswidi kwa mara ya kwanza mwaka 2008, Karlskrona, na hugombea chakula na makazi na samaki wenyeji. Piga picha, andika mahali na tarehe, kisha mzazi akusaidie kutoa taarifa kwenye Artportalen. Ukimwona wewe wa kwanza katika eneo lenu, wataalamu watajua kwa sababu yako.

Kazi ya nyumbani: Yavuyavu wengine humwita konyeza. Mpigie simu bibi au babu, umuulize kwao wanamwitaje. Na *skorv*, ambaye hayupo Bahari ya Hindi, tumpe jina gani la Kiswahili? Njoo na jibu lako Jumamosi. "Mende" hatulikubali!