Sinema ya Roxanne Shanté na Hukumu ya Wahakiki

Sinema iitwayo "Roxanne Roxanne", iliyoongozwa na Michael Larnell, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2017 katika tamasha la Sundance, Marekani. Mmoja wa watayarishaji wake ni Forest Whitaker, yule aliyemwigiza Idi Amin katika sinema ya mwaka 2006. Inasimulia maisha ya Roxanne Shanté, binti wa Queensbridge, New York, ambaye mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 14, alirekodi wimbo wa majibizano wa hip-hop uliompatia sifa kubwa.

Wahakiki walimsifu sana Chanté Adams, mchezaji mgeni aliyemwigiza Shanté, na waamuzi wa Sundance wakamtunukia tuzo maalumu. Lakini baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba hadithi yarukaruka, na kwamba muziki umepewa nafasi ndogo kuliko vipigo na dhuluma alizotendewa na mwanamume aliyeishi naye.

Sisi twaona kuwa lawama ya kwanza ni ya haki, ila ya pili haikupimwa vyema. Jukwaani binti huyu aliwajibu wanaume bila woga. Nyumbani hakuwa na mlinzi. Kuufunika ukweli huo kwa ngoma na makofi kungekuwa kumdhulumu mara ya pili. Ndugu zetu askari na polisi, ambao huitwa usiku kuamua ugomvi wa nyumba, watalielewa jambo hili upesi: sifa za mtu hadharani si ushahidi kwamba yu salama nyumbani mwake.