Picha Iko Mombasa au Ng'ambo?

Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasipofaa na kuukata waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao TEAMS, uliofikishwa hapo mwaka 2009 kutoka Fujairah. Intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Mei 2024 zikakatika nyaya nyingine mbili, EASSy na SEACOM, mbali kusini, baharini karibu na Afrika Kusini, na Mombasa ikaumia tena. Basi yale anayoyafungua mkazi wa Mji wa Kale kwenye simu yake, yamewekwa wapi hasa?

Mengi yamesogezwa karibu. Google na wenzake wameweka Kenya seva za kache, yaani akiba ya nakala za video, picha na kurasa zinazotakwa mara kwa mara. Utafiti wa Internet Society wa 2020 ulikuta takriban 70% ya data iliyotumika nchini ikipatikana humu humu, kutoka 30% mwaka 2012.

Lakini kache isiyochungwa hudanganya.

Tuseme nyumba ya wageni kando ya Ndia Kuu ina tovuti yake. Picha za milango ya nakshi zaweza kukaa kwenye kache mwezi mzima bila madhara. Idadi ya vyumba vilivyo wazi haiwezi: ikikaa saa moja tu, wageni wawili watauziwa kitanda kimoja.

Kwa hiyo fundi huhesabu. Redis, programu inayotumika sana kwa kazi hii, ukiipa amri ya INFO hutaja maombi mangapi yamepata, mangapi yamekosa, na vitu vingapi vimetupwa kwa ufinyu wa nafasi. Wengi hutazama asilimia ya kupata wakaridhika. Huo ni mtego. Kushuka kutoka 99 hadi 98 huonekana si kitu, kumbe mzigo wa hifadhidata umeongezeka maradufu, kutoka ombi moja hadi mawili kwa kila mia. Grafu ya kukosa ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Ikipanda pamoja na vitu vinavyotupwa, kumbukumbu ni ndogo. Ikipanda kila baada ya saa kamili, huenda nakala zote zilipewa muda mmoja wa kuisha; muda huo utofautishwe.

Nakala iliyochakaa, hata hivyo, nayo huhesabiwa kuwa imepatikana. Ndiyo maana HTTP, kanuni za mawasiliano ya wavuti, zina taarifa iitwayo Age, inayotaja sekunde zilizopita tangu nakala ilipotolewa au kuthibitishwa na seva asilia. Kwenye ukurasa wa vyumba, tarakimu hiyo inastahili kuwekewa kengele yake.