Majina kwenye karta ya mashamba: namna ya kuyapa ukubwa unaofaa



Koperative nyingi za kahawa na kakao zinachora karta ya mashamba, juu sheria ya Ulaya 2023/1115 inaomba kujua mazao yametoka shamba gani. Shamba linalopita hekta 4 linachorwa mupaka wote. Lenye kuwa chini ya hapo linaweza kuonyeshwa kwa alama moja tu.

Karta ikiletwa ku mkutano, wengine wanauliza: «Jina langu liko wapi? Mumenifuta?» Hapana. Katika QGIS, programu isiyolipiwa, majina mawili yakigongana, moja linafichwa. Shamba lingali pale. Ni herufi ndizo kubwa sana. Mwenye kushika ordinateri afanye hivi:

1. Bonyeza mara mbili kwenye kusha ya mashamba, fungua «Étiquettes», chagua «Étiquettes simples», kisha kolone yenye majina.

2. Pa «Taille», andika namba. Kwa karta ya kuchapa, anza na points 8, ni karibu milimetre 3. Majina yakifichwa bado, shuka polepole. Chini ya 6, wazee hawatasoma.

3. Angalia kipimo. Points na milimetre hazibadiliki hata ukisogeza karta karibu ao mbali. Ni nzuri kwa kartasi. Kipimo cha karta, yaani «unités de carte», kinakua na kupungua pamoja na shamba. Lakini chunga: kama karta iko katika metre, 8 ni metre 8 juu ya udongo; kama iko katika degré, 8 ni karibu kilometre 890! Hautaona kitu.

4. Washa «Tampon»: rangi nyeupe inazunguka herufi, jina linasomeka hata juu ya mistari ya mipaka.

5. Bonyeza «Appliquer», kisha chapa kartasi moja ya kujaribu mbele ya kuchapa zote.

Kama mashamba ni madogo na yamebanana, acha majina marefu. Weka namba ya memba, na liste ya majina pembeni.

Mbele ya memba yeyote kutia sahihi, ajionee shamba lake na jina lake pamoja. Kurekebisha herufi hakubadilishe mupaka hata kidogo, lakini karta isiyosomeka inaweza kuleta palabre kati ya majirani.