Msitu Hauingiwi kwa Papara

Mwaka juzi, msomaji mpenzi, nusura nisomewe hitima kwa sababu ya chupa moja ya maji.

Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imeshika na jua halina huruma. Mimi na mpwa wangu, mwana wa dada yangu, tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke kwa baiskeli saa nne za mchana. Kila mtu alikuwa na chupa yake moja, na kiongozi hatukuchukua, kwa ile dhana kwamba mtoto wa Pwani hapotei Pwani. Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya zamani, isiyo na giya, iliyonifaa miaka mingi kwa kwenda sokoni na msikitini. Tulipofika penye mchanga mweupe, mipira ikazama. Nikashuka, nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena. Mara macho yakaingia kiza, nikaanguka.

Nilipozindukana nilisikia mtu akisoma Yasini. Alikuwa mpwa wangu, ameniweka kichwa mapajani mwake, analia huku anasoma. Katikati akaruka aya. Nami, niliyechapwa viboko chuoni kwa aya hiyo hiyo, nikamsahihisha nikiwa chali. Akanyamaza, akanitazama, akacheka na kulia kwa pamoja. Ndipo alipojua kwamba mjomba wake bado yu hai.

Sasa twataka kurudi. Mke wangu ameweka sharti moja: hatoki mtu nyumbani kwake mpaka aone mpango ulioandikwa. Mpango wenyewe ni huu, na nauweka hadharani ili nisipate pa kukimbilia.

Kwanza ni majira. Kaskazi tumeiacha. Masika nayo haifai, maana udongo mwekundu ukirowa hunata magurudumuni kama ugali. Tumechagua Agosti, wakati wa kusi, jua limepungua ukali na mvua kubwa zimepita. Tutaswali Alfajiri kwa jamaa, na kabla jua halijapanda tuwe tumefika kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi.

Pili ni njia. Msitu huu una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko misitu yote ya ukanda wa pwani iliyobaki katika Afrika Mashariki. Mwendeshaji baiskeli hukutana na ardhi tatu. Upande wa bahari ni mchanga wa kijivu na miti ya kila namna, mibambakofi ikiwamo. Hapo mtu huenda vizuri. Kisha waja mchanga mweupe wa mirihi, ambao kivuli chake ni chepesi. Hapo ndipo nilipoanguka. Mwisho ni udongo mwekundu wenye vichaka vizito, na njia hupanda hadi Nyari, mahali ambapo mtu husimama akaiona bahari na hori ya Mida kwa mbali. Nyari ndio mwisho wa safari yetu.

Tatu ni chombo. Rafiki wa mpwa wangu ameniazima baiskeli ya siku hizi ya njia za changarawe, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, mipira yake ina upana wa milimita 40 na zaidi. Fundi amenifunza siri yake: penye mchanga, punguza upepo, mpira ulale na kutanuka kama wayo wa ngamia. Tumia giya nyepesi, kanyaga bila kukata, wala usiubane usukani. Tumefunga tyubu mbili za akiba, viraka, pampu na kipande cha cheni.

Nne ni maji, na hapa sina mzaha. Jirani na msitu umelala mji mkongwe wa Gede, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Una msikiti wa Ijumaa, majumba ya mawe na visima, lakini wenyewe waliuhama katika karne ya 17, na wataalamu hutaja kupungua kwa maji visimani kuwa miongoni mwa sababu. Ikiwa mji mzima wenye visima hukimbizwa na kiu, sembuse mzee mmoja mwenye chupa? Kila mtu atachukua lita tatu, tende, na chumvi kidogo. Maji hayo ni ya kunywa. Swala ikitukuta humo nayo yakiwa haba, dini yetu imetupa tayamamu, na mchanga twaujua kwamba upo.

Tano ni idhini. Humo mna ndovu, na ndovu hasikii kengele ya baiskeli. Tutalipa ada, tutaandikisha majina, na tutamfuata kijana mwenyeji anayezijua njia. Yeye ndiye atakayetuonyesha, tukijaliwa, sange mwenye matako ya manjano, na kutusimulia habari za bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1966 tu. Takataka zetu zitarudi nasi. Mchama ago hanyele, huenda akauya papo.

Sita ni saa ya kurudi, na hapa ndipo tulipogombana. Nimeandika kwamba ikifika saa tatu na nusu twageuza baiskeli, hata kama Nyari twaiona kwa macho. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, huko ni kuogopa. Mtu atawakali, aende." Nikamkumbusha kisa tulichofunzwa sote chuoni, cha bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile msituni aliruka aya kwa kuwa alikuwa akiwaza atamwambia nini mamake. Hakupinga tena. Na mimi nikatambua kwamba muda wote nilikuwa nikihesabu maji yangu na pumzi zangu, kumbe mzigo mzito kuliko yote aliubeba yeye.

Basi ikiwa nawe una kijana nyumbani anayetaka kuingia porini kwa magurudumu mawili, usimkataze. Mketishe, mpe kalamu na karatasi.

Mke wangu ameusoma mpango kutoka juu hadi chini, akaukunja. Akamgeukia mpwa wangu, akamwuliza kama ile aya ameidurusu. Akajibu kwamba ameidurusu sawasawa, ila aomba Mungu isihitajike.

Twatoka Jumamosi, inshallah.