Hema Lako Ni Tanga: Lifunge Kabla Mvua Haijaja

Ni sisi tena, walimu wa kujitolea wa shule ya msingi. Mwezi huu hatuandiki juu ya madaftari wala mitihani. Tunaandika juu ya hema na turubai, kwa sababu mwezi wa tisa unaisha, na kila aliyekaa hapa Kigoma anajua kinachofuata baada ya vumbi. Mvua za kwanza haziji peke yake. Zinakuja na upepo.

Sababu ya kuandika ni aibu yetu wenyewe, basi tuanze nayo.

Mwaka jana darasa letu la kwanza lilikuwa chini ya hema. Watoto walikuwa zaidi ya sitini. Siku moja ubao ulikuwa unaanguka anguka, tukafungua kamba mbili za upande wa kulia wa hema tukafungia ubao. Baadaye ndoo ya shule ikakatika mkono, tukachukua kamba ya tatu. Tulisema, "Tutarudisha kesho." Kesho ikawa wiki mbili.

Mwezi wa kumi, saa tisa mchana, upepo ukaja ghafla. Ulipita kwenye ule upande uliolegea, hema likavimba kama mkate, vigingi viking'oka kimoja kimoja, na nguzo ya katikati ikavunjika. Ilianguka juu ya mkeka wa mbele, pale wanapokaa wale wadogo kabisa. Watoto walikuwa wametoka nusu saa tu kabla ya hapo. Mama mmoja alikuja mbio anaita jina la mwanawe, na sisi hatukuwa na sauti ya kumjibu. Mtoto alikuwa bombani anacheza na maji. Mungu alisaidia. Lakini kamba tulizifungua sisi, hakuna mtu mwingine wa kulaumu.

Kesho yake mzee mmoja mzaliwa wa Baraka, aliyevua samaki ziwani miaka mingi, alikuja kututazama tunavyosimamisha tena. Alikaa kimya muda, halafu akasema: "Walimu, munafunga hema sawa munafunga mbuzi. Hii si nyumba, hii ni tanga. Upepo ikiingia chini, inabeba."

Tukamwambia, "Basi tufundishe, Baba." Alitufundisha siku mbili. Haya tunayoandika hapa mengi ni yake, na mengine tumejifunza kwa kukosea.

KWANZA: CHAGUA MAHALI

Hema hatulichagui, tunapewa. Lile hema la familia la UNHCR lina mita za mraba 16 za kulala, na ukiongeza vile vibaraza viwili vya mbele na nyuma linafika 23. Limepangwa kwa watu watano, na limetengenezwa lidumu angalau mwaka mmoja. Sasa, kama litadumu mwaka huo au litachanika miezi mitatu, hiyo inategemea sana mahali ulipoliweka na namna ulivyolifunga.

Usiangalie uwanja wakati wa kiangazi ukasema ni pazuri. Angalia maji yalipita wapi mwaka uliopita. Utaona mchanga mwembamba umelala kwenye mstari, au majani makavu yamekwama kwenye shina la mti. Hapo ni njia ya maji, na maji hayasahau njia yake. Panda juu kidogo hata kama ni hatua kumi tu.

Usiweke hema chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu. Kivuli ni kizuri, lakini tawi likianguka usiku halichagui mtu.

Mlango nao una upande wake. Wakati wa kiangazi upepo wa huku kwetu unatoka sana kusini-mashariki. Ukiuelekeza mlango huko, umeufungulia upepo nyumba. Geuza mlango upande mwingine, na ule upande mwembamba wa hema ndio uupokee upepo. Dhoruba za mvua zinaweza kutoka popote, ndiyo maana kamba za pande zote ni muhimu.

PILI: KAMBA NDIYO NYUMBA

Wengi tunafikiri nguzo ndiyo inayosimamisha hema. Hapana. Nguzo inasukuma juu, kamba inavuta chini na nje, na hema linasimama katikati ya hizo nguvu mbili. Ukiondoa kamba moja, kamba ya pili yake inabeba mzigo wa mbili.

Kigingi kipigwe kwa kuinama: kichwa kiwe mbali na hema, ncha iingie chini kuelekea hema. Kikisimama wima kitang'oka upesi. Umbali wake kutoka kwenye hema uwe karibu sawa na urefu wa pale kamba ilipofungwa. Kama kamba imefungwa juu mita moja na nusu, kigingi kiwe mita moja na nusu nje.

Udongo wetu wakati wa kiangazi ni vumbi, na wakati wa mvua ni matope. Vyote viwili havishiki kigingi vizuri. Hapo mzee alitupa akili ya watu wa ziwani. Wavuvi wa dagaa wakipiga kambi mchangani hawategemei kigingi. Wanajaza mfuko mchanga, wanaufunga kamba katikati, wanachimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, wanaufukia na kukanyaga. Mfuko huo hautoki. Sisi tumefanya hivyo kwa mifuko mitupu ya unga kwenye pembe zote nne za hema la darasa. Mti wa kulala, uliofungwa kamba katikati na kufukiwa, nao unafanya kazi hiyo hiyo.

Halafu jua kamba yako ni ya nini. Kamba ya katani ikilowa inajikaza, inaweza hata kung'oa kigingi. Mvua ikianza ilegeze kidogo. Kamba ya nailoni ni kinyume chake: ikilowa inalegea, basi toka uikaze. Ukiona hema linapigapiga kama bendera, ujue kamba zimelegea. Kule kupigapiga ndiko kunakochana kitambaa kwenye mshono.

TATU: TURUBAI LILILOKATIKA MATUNDU

Wengi wetu tulio hapa siku nyingi tumejenga kwa tofali za udongo, lakini bado kuna turubai juu au dirishani. Turubai la msaada lina mita 4 kwa 5, na pembeni lina upindo mgumu wenye matundu ya kufungia. Fungia hapo, maana ndipo penye nguvu. Usitoboe katikati kwa msumari. Tundu la msumari linaanza dogo, upepo unalimalizia.

Kama yale matundu ya pembeni yamekatika, usitupe turubai. Chukua kijiwe cha mviringo kisicho na makali, kama yai dogo. Kiweke upande wa ndani wa turubai, kishike kwa nje pamoja na turubai lenyewe, na ufunge kamba nyuma yake kama unavyofunga shingo ya mfuko. Hapo umepata mahali pa kuvuta bila kutoboa. Sisi tuliliona kama mchezo wa watoto, lakini limeshika tangu mwaka jana.

Anayetaka kununua turubai lililotumika, aangalie mambo matatu. Linyanyue juani: ukiona vitundu vya nuru vingi kama nyota, acha. Likunje kwa nguvu: likilia na kupasuka kwenye kunjo, jua limeshalila. Lipanguse kwa kiganja: likiacha unga mkononi, limechoka. Adui mkubwa wa plastiki ni jua kuliko mvua. Ndiyo maana turubai lililofunikwa nyasi juu linaishi zaidi, na ndani panakuwa na ubaridi.

Hapa tuseme na jambo gumu. Tunajua wapo wanaouza turubai la pili ili kununua unga au sare ya mtoto. Hatuwahukumu, na sisi tumelala njaa. Lakini kabla hujauza, piga hesabu ya mwezi wa kumi na moja: mtoto aliyelala kwenye maji, blanketi lililolowa, na homa. Bei uliyopewa itatosha?

NNE: MFEREJI USIWE VITA NA JIRANI

Chimba mfereji kuzunguka hema, kina cha shibiri moja. Udongo unaotoka uweke upande wa hema uwe tuta dogo, kisha ukanyage. Mfereji uelekee mteremko na uungane na mfereji mkubwa wa mtaa. Tumeona majirani wawili wakigombana kwa sababu mfereji wa mmoja uliishia mlangoni kwa mwenzake. Kabla ya kuchimba, mwite jirani mtazame pamoja. Mfereji wa watu wawili unachimbwa nusu siku.

Maji yasisimame humo. Mbu anatoka kwenye yai mpaka kuruka kwa siku saba mpaka kumi hivi kwenye joto letu. Kwa hiyo zibua mfereji kila wiki, kazi nzuri ya Jumamosi.

Na wakati mvua inanyesha, godoro na nguo visiguse kitambaa cha hema. Pale panapoguswa ndipo maji yanapopita.

TANO: MOTO

Hili tunaomba msomee watoto kwa sauti. Usipike ndani ya hema. Usiingize jiko la mkaa, au mbabula kama wanavyosema wazazi wetu, ati ili kupasha joto usiku. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Watu wanalala vizuri na hawaamki. Koroboi nayo isikae chini karibu na chandarua. Kama huna taa ya jua, zima koroboi kabla ya usingizi.

Kati ya hema na hema kuwe na nafasi. Wapimaji wanashauri angalau mara mbili ya urefu wa hema, ili moja likiungua lisimfuate jirani. Na ule uwanja mtupu unaoonekana umesahauliwa haukusahauliwa. Kanuni za kambi zinataka nafasi ya mita 30 kila baada ya mita 300 za makazi, ili moto ukose daraja. Tusijenge hapo, hata banda la kuku.

SITA: WATU WA KAGUNGA WANATUKUMBUSHA

Baadhi yenu mlipita Kagunga mwezi wa tano mwaka 2015. Kijiji kidogo, mbele ziwa, nyuma mlima mkali. Maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walilala pale ufukweni chini ya vitenge na vipande vya plastiki, wakingoja meli kongwe ya MV Liemba iwalete Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia, na watu walikufa. Wengi hawakuuawa na mvua wala jua. Waliuawa na maji yaliyochanganyika na uchafu.

Kwa hiyo anayepanga hema apange na choo. Kisizidi mita 50 kutoka pale mnapolala, maana kikiwa mbali watoto hawataenda usiku. Kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chanzo cha maji. Hema zuri lisilo na choo karibu ni mtego.

SABA: KULIKUNJA

Wapo kati yetu wanaojiandaa kurudi nyumbani, na wapo wanaohamia nyumba za tofali. Usikunje hema likiwa limelowa. Kitambaa kikikunjwa na unyevu kinaota ukungu, na baada ya siku chache kinanuka na kuoza. Lianike mpaka mishono ikauke, fagia mchanga, kunja, na uliweke juu ya miti miwili lisiguse ardhi, mchwa wasilipate. Kamba na vigingi viwekwe kwenye mfuko mmoja, ufungwe pamoja na hema. Hema bila kamba ni shuka tu.

MWISHO

Darasa letu la kwanza bado liko chini ya hema lile lile. Nguzo ya katikati ni ya mti, aliichonga yule mzee. Kila asubuhi, kabla ya kuimba, watoto wawili wanazunguka nje wakigusa kamba moja moja na kuhesabu kwa sauti. Hesabu ikipungua hatuingii ndani mpaka kamba irudi. Wamejifunza kuhesabu haraka kuliko darasa la mwaka jana, na sisi tumejifunza kutokusema "kesho."

Jumamosi hii, wazazi wetu, kabla ya kwenda bombani, zungukeni hema zenu pamoja na watoto. Mpeni kila mtoto kamba yake ya kuangalia. Na kama jirani ni mgonjwa, au ni mama mwenye kichanga ambaye amebaki peke yake, zungukeni na lake pia. Asiye na kigingi aje shuleni na mfuko mtupu wa unga, tutamwonyesha namna ya kuufukia.

Tubaki salama. Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.