Kufundisha Mgogoro wa Ardhi kati ya Waisraeli na Wapalestina kwa Njia ya Ramani

Mwalimu afundishaye habari za Mashariki ya Kati katika darasa la sita au la saba hukuta kwamba wanafunzi wamekwisha kuchagua upande kabla yeye hajaandika neno ubaoni. Mmoja ameyasikia kanisani, mwingine msikitini, na wote wawili husema kwa yakini. Kuwanyamazisha hakutoshi. Twashauri aanze na kitu kinachoweza kupimwa kwa rula, yaani mstari wa ramani.

Mwishoni mwa Novemba 1948 makamanda wawili, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah al-Tal wa jeshi la Yordani, walikutana Yerusalemu ili kusitisha mapigano. Walitandaza ramani yenye kipimo cha 1:20,000, na kila mmoja akachora kwa kalamu ya nta mahali askari wake walipofikia. Mistari hiyo ilikuwa na unene wa milimita 3 hadi 4. Hapa mwalimu asiwape jibu. Wanafunzi wenyewe wazidishe milimita 3 kwa 20,000, wapate mita 60. Nyumba na barabara zilikuwa chini ya nta, na baadaye pande hizo mbili zikabishana: unene wa mstari ni mali ya nani?

Huo haukuwa mpaka. Hata mapatano ya 1949, yaliyoleta mstari uitwao Mstari wa Kijani, yalieleza kwamba hayaondoi madai ya upande wowote. Hata hivyo yaligawa kijiji cha Beit Safafa, kusini mwa Yerusalemu, na jamaa wakatenganishwa na uzio hadi 1967.

Ndipo zifuate ramani tatu. Ya 1947 ni pendekezo la Umoja wa Mataifa: Wayahudi, waliokuwa yapata theluthi moja ya wakazi, walitengewa asilimia 55 hivi ya nchi. Viongozi wao walikubali, Waarabu wakakataa. Ya 1949 yaonyesha Israeli ikishika asilimia 78 hivi. Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wamepoteza makazi yao. Ya 1967 yaonyesha Ukingo wa Magharibi, Gaza, Golan na Sinai mikononi mwa Israeli.

Mwanafunzi atauliza kama ardhi iliyotwaliwa vitani imepata kurudishwa. Naam. Kwa mkataba wa 1979 Misri ilirudishiwa Sinai, na kazi hiyo ikakamilika 1982. Lakini mwalimu asiharakishe kufurahi. Sinai ilikuwa na watu wachache na dola iliyoisubiri. Ukingo wa Magharibi, pamoja na Yerusalemu ya Mashariki, una mamilioni ya Wapalestina na walowezi wa Kiyahudi zaidi ya laki sita. Mapatano ya Oslo ya 1993 yaliahirisha mambo magumu kabisa, yaani mipaka, Yerusalemu, wakimbizi na makazi ya walowezi, na mazungumzo hayo hayakufikia mwafaka. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 kwa shambulio la Hamas, lililoua watu wapatao 1,200, viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina katika Gaza.

Kwa zoezi, darasa ligawanywe mara mbili. Kundi moja liandike barua ya mtoto wa Beit Safafa kwa binamu yake ng'ambo ya uzio mwaka 1950. La pili, barua ya mtoto wa Kiyahudi aliyehamia Yerusalemu baada ya vita vya Ulaya. Siku ya pili makundi yabadilishane.